Maswali ya Wasomaji: Pleiofu Zinakuja, Tuombe Tupangwe na Nani?

Meseji za mwezi huu ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa mitindo tofauti: kabla ya pleiofu za NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kuanza (ile hatua ya mtoano, anayetangulia kushinda mechi 4 anapita), shabiki aombe timu yake ipangwe na nani? Nimechagua chache. Zile za kumtukana LeBron nimeziacha hukohuko zilikotoka.

SWALI: Shikamoo kocha. Mimi ni Lakers damu na nina ugomvi na shemeji yangu tangu 2024. Kabla ya mchujo yeye alisema bora tufungwe na New Orleans ili tuwakwepe Denver twende kwa OKC (Oklahoma City), mimi nikamuita msaliti. Tukashinda, tukapangwa na Denver, tukatolewa 4-1 na shemeji hajanyamaza mpaka leo, hata kwenye msiba alinikumbusha. Nani alikuwa sahihi? (Lakers Damu, Mwanza)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Na shemeji naye msalimie, maana hoja yake haikuwa ya kijinga kama ulivyoichukulia.

Tuwakumbushe wenzetu kwanza. Msimu ule Lakers walimaliza 47-35, yaani kushinda 47 na kufungwa 35, wakaangukia mchujo wakiwa wa 8 kanda ya Magharibi, ikabidi waende New Orleans kwa Pelicans waliokuwa wa 7. Mchujo wenyewe uko hivi: wa 7 na wa 8 wanacheza, anayeshinda anabeba nafasi ya 7 na kazi imeisha, anayefungwa anamsubiri mshindi wa 9 na 10, akimfunga anaingia kama wa 8, akifungwa tena anarudi nyumbani. Sasa mwaka ule wa 7 alikuwa anaenda kwa Denver na wa 8 anaenda kwa OKC, ndo hapo watu wakaanza kupiga hesabu, maana Denver walikuwa mabingwa watetezi na walikuwa wameshawachapa Lakers mara 8 mfululizo ukihesabu na ile 4-0 ya fainali ya Magharibi 2023, wakati OKC pamoja na kumaliza vinara walikuwa bado vijana wadogo, wembamba chini ya kikapu, na Lakers walishawafunga mechi 3 kati ya 4 msimu uleule. Ukiniwekea hizo mbili tu mezani hata mimi nachagua OKC.

Ila shemeji aliruka mechi moja. Ili uwapate hao OKC ilibidi ufungwe na Pelicans halafu umfunge mshindi wa Sacramento na Golden State, na mshindi akawa Sacramento, 118-94. Sacramento msimu ule walikutana na Lakers mara 4 wakashinda zote 4. Zote! Yaani unamkimbia mtu anayekufunga kila siku kwa kupitia kwa mwingine naye anayekufunga kila siku, tena huyu wa pili hamchezi mechi 7, ni moja tu, ukiteleza umekwisha.

Halafu angalia mechi ya Pelicans yenyewe. Zion Williamson alikuwa ameshatupia pointi 40, dakika za mwisho akaumia msuli wa paja akatoka, Lakers wakashinda 110-106. Kwa hiyo kama ungetaka kufungwa kwa makusudi ungetakiwa ujitahidi kufungwa na timu ambayo mchezaji wake mkubwa yuko chumba cha kubadilishia nguo, haha. Pelicans bila Zion waliwatoa Sacramento, wakaenda kwa OKC, wakala 4-0.

Ukitaka wa kumlaumu mlaumu San Antonio. Tarehe 12 Aprili Spurs ambao walimaliza msimu 22-60 waliwafunga Denver 121-120, na Denver walikuwa mbele kwa zaidi ya pointi 20. Denver wakamaliza 57-25 sawasawa na OKC, OKC wakapewa namba 1. Denver wangeshinda ile mechi wangekuwa wao namba 1, wa 7 angeenda kwa OKC, na wewe na shemeji mngekuwa mnagombania kitu kingine.

Kuhusu Denver, hofu ya shemeji ilikuwa ya kweli na sababu yake iko uwanjani. Jokic na Murray wa Denver wakianza ule mchezo wao wa wawili, Anthony Davis, mtu mrefu wa Lakers, alikuwa anabaki na njia mbili na zote mbaya: akibaki na Jokic, Murray anapita, akimfuata Murray, Jokic anabaki na mtu mfupi anayemzidi mwili. Mechi ya 2 Lakers walifika mbele kwa pointi 20 wakafungwa 101-99, Murray anatupa anarudi nyuma kipenga kinalia, na aliyekuwa usoni kwake ni huyohuyo Davis, mkono juu, hakukosea kitu. Mechi ya 5 Murray tena, zimebaki sekunde 3.6, 108-106. Kwa hiyo wewe ndo ulikuwa sahihi kutaka ushindi, ila na yeye usimtambie sana.

SWALI: Sasa kocha, hii stori ya Denver kuwa juu sana hadi wageni wanakosa pumzi, ni ukweli ama ni kisingizio cha wenye kupigwa? (Msee wa Umoja, Nairobi)

JIBU: Ni kweli kidogo, kisingizio kingi. Denver iko kama mita 1,600 juu ya bahari, wameiandika mpaka uwanjani kwao. Wewe hapo Nairobi uko karibu mita 1,800, kwa hiyo unalala juu kuliko Jokic na hujawahi kupewa hata pointi moja kwa ajili hiyo. Mgeni anayetoka pwani anachoka mapema, hilo lipo, na kwa vile ratiba ni mbili nyumbani, mbili ugenini, halafu moja moja, mwenye uwanja anapata mechi ya 1, 2, 5 na 7, kwa hiyo ukipangwa na Denver wakiwa juu yako unaweza kupanda huko mara 4.

Ila muulize Minnesota. Mwaka uleule wa 2024, raundi iliyofuata, walienda Denver wakachukua mechi ya 1, wakachukua na ya 2 kwa 106-80 Rudy Gobert hayupo kabisa, mwenza wake alikuwa amejifungua. Mechi ya 7 hukohuko Denver wakawa nyuma kwa 20 na bado wakashinda 98-90. Mbona wao hawakukosa pumzi? Walikuwa na Towns, Gobert na Naz Reid wa kupokezana kumkaba Jokic, mmoja akichoka anaingia mwingine, na aliyemleta Gobert, bosi wa timu Tim Connelly, ndiye aliyeijenga Denver kabla hajahamia Minnesota. Alijua anajenga dhidi ya nani. Ukiniuliza mimi, watu watatu warefu wanashinda mita 1,600.

SWALI: Jambo ndugu. Sisi huku Goma tunamfuata mtoto wetu Jonathan Kuminga. Pleiofu za 2025 Golden State walimuweka benchi mwanzoni, halafu ghafla akafunga 30. Kocha wao alikuwa anamchukia? (Shabiki wa Kuminga, Goma)

JIBU: Jambo sana. Chuki sijaiona, nimeona hesabu, ingawa hata mimi naiona ilikuwa hesabu kali. Kuminga hakucheza hata sekunde mechi ya mwisho ya msimu na Clippers, hakucheza mchujo na Memphis, hakucheza mechi ya 1 na Houston. Tatizo ni kwamba kocha Steve Kerr alikuwa na Jimmy Butler na Draymond Green ambao wote wawili hawaogopwi sana kwa mitupo ya mbali, ukimuongeza Kuminga wanakuwa watatu, wapinzani wanawaacha hao wanajaa chini ya kikapu na nyota wao Curry anakosa pa kupita, na Houston walikuwa na Sengun na Steven Adams, miili ya kazi, wanapenda sana ukijaa pale chini maana ndo kwao. Wakamaliza kwa mechi 7, na ya mwisho aliyewaokoa ni Buddy Hield mwenye mitupo yake, pointi 33. Hapo ndo unaona Kerr alikuwa anatafuta watu wa aina gani.

Kufika kwa Minnesota, Curry akaumia msuli wa paja mechi ya 1. Ghafla timu haina mtu wa kujitengenezea pointi, na hicho ndo kitu Kuminga anakiweza. Mechi ya 3 akapiga 30, walifungwa lakini alipiga. Mchezaji yuleyule, wiki chache tu, mpinzani mwingine na mahitaji mengine. Watu mnapobishana nani mzuri nani mbovu mkumbuke hilo.

Na kwa kuwa umeandika kutoka Kongo siwezi kupita bila kumtaja Mutombo wa Kinshasa, aliyekuwa mtu mrefu wa Denver. 1994, Denver wa 8 wenye 42-40 dhidi ya Seattle wenye 63-19, enzi hizo raundi ya kwanza ni ya mechi 5. Denver wakafungwa 2 za kwanza, wakashinda 3 zilizofuata, Mutombo akazuia mitupo 31 ndani ya mechi hizo 5. Ile picha amelala chini ameukumbatia mpira anacheka, nadhani huko kwenu haihitaji maelezo. Seattle walikuwa na kila kitu isipokuwa mtu wa kufunga juu ya mkono wake.

SWALI: Kocha eti kuna timu zilishawahi kujichagulia mpinzani kweli au ni maneno ya vijiweni? (Mdau, Temeke)

JIBU: Zipo, na aibu kubwa kuliko zote ni ya 2006. Sheria ya wakati ule ilimpa bingwa wa kila divisheni moja ya nafasi 3 za juu, kwa hiyo Denver wenye 44-38 wakawa wa 3, huku Dallas wenye 60-22 wakawa wa 4. Maana yake wa 5 anakutana na Dallas, wa 6 anakutana na Denver, na faida ya uwanja iliangalia rekodi kwa hiyo huyo wa 6 anaanzia nyumbani! Clippers na Memphis wakakutana mwisho wa msimu, anayeshinda anakuwa wa 5. Sasa wewe ungeshinda? Memphis wakashinda 101-95, zawadi yao ikawa Dallas, wakapigwa 4-0. Clippers "wakafungwa", wakapata Denver, wakashinda 4-1. Mimi siwalaumu Clippers hata kidogo, ile sheria ilikuwa mbovu na NBA wenyewe waliibadilisha msimu uliofuata.

Ya pili inatuhusu kidogo. 2011 Memphis waliwapumzisha baadhi ya watu wao wakubwa mechi za mwisho, wakaangukia nafasi ya 8, maneno yakawa mengi kwamba wanawatafuta Spurs wenye 61-21. Walikuwa na Zach Randolph na Marc Gasol chini ya kikapu, na Tim Duncan wa Spurs alikuwa ameshazeeka, hana msaidizi wa maana wa urefu. Ikaisha 4-2 kwa Memphis. Na mtupo wa pointi tatu uliowavusha mechi ya 1 ulitupwa na Shane Battier, ambaye Memphis walimpata Februari mwaka huohuo kwa kuwapa Houston nani? Hasheem Thabeet wetu, Mtanzania yule waliyemchagua namba 2 kwenye uteuzi wa wachezaji wapya mwaka 2009. Kwa hiyo na sisi tulichangia, kwa njia ya kuondoka.

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, Lakers niliijua kabla ya kumjua baba yao. 2025 tulikuwa wa 3 na Minnesota wa 6, nikatangaza nyumba nzima kwamba hii tumepita. Tukapigwa 4-1. Nilitakiwa niangalie nini? (Mama Wawili, Tanga)

JIBU: Pole sana mama. Namba zilikuzunguka: wa 3 alikuwa na 50-32, wa 6 ana 49-33, tofauti yao mechi moja, yaani hapakuwa na mkubwa hapo. Kitu cha kuangalia ni mtu mrefu wa mwenzako, je kwenu kuna wa kumkaba? Lakers walikuwa wamemtoa Davis Februari ili wampate Luka Doncic, wakajaribu kumchukua Mark Williams wa Charlotte, vipimo vya afya vikavunja dili, wakaingia pleiofu bila senta wa kueleweka. Mechi ya 5 Gobert akamaliza na pointi 27 na ribaundi 24. Ishirini na nne mama!

Halafu hesabu kocha wako anawaamini wangapi. Mechi ya 4 kocha wa Lakers wa wakati huo, JJ Redick, alicheza kipindi chote cha pili na watu walewale 5 bila kubadilisha hata mmoja, wakafungwa 116-113, miguu imeisha. Matokeo ya msimu nayo yaangalie lakini uliza nani alicheza siku hiyo. Wakati mwingine yanasema kweli kabisa: 2007 Golden State walikuwa wameshawafunga Dallas mara 3 kati ya 3, Dallas wakaenda wakamaliza 67-15 na kila mtu akasahau zile 3, wakakutana raundi ya kwanza, Dallas wakatoka 4-2.

SWALI: Kocha nina kazi ya asubuhi, nikeshe mechi zipi? (Mfanyakazi, Dodoma)

JIBU: Wikiendi ya kwanza usikeshe, kuna mechi zinaanza saa 2 usiku na saa 4 na nusu kwa saa zetu, unaangalia na familia. Za timu za Mashariki siku za kazi zinaanza saa 8 usiku, hizo ndo zinaua watu, achana nazo mpaka ifike mechi ya 5. Za Lakers na wenzao huko pwani ya magharibi zinaanza kama saa 11 na nusu alfajiri, hizo lala mapema uamke nazo, robo ya nne utaisikiliza kwenye daladala.