Mcheza ngoma amekuwa jitu na miguu inateleza

Mdogo wangu wa Tukuyu, uliniuliza kwa nini yule mcheza ngoma uliyerekodi mwendo wake ametokea jitu kwenye kompyuta na miguu yake inateleza. Rekodi yako haijaharibika. Ukubwa kwanza: faili la BVH, yaani lile linalohifadhi mwendo wa viungo vya mwili, halitaji kipimo chake cha urefu. Mengi yameandikwa kwa sentimita, Blender, programu ya kutengeneza katuni za 3D, inasoma mita, basi mtu anakua mara 100. Weka skeli 0.01 unapoliingiza.

Kazi iko kwenye kuteleza. Kwa kawaida kiungo cha mzizi, yaani nyonga, ndicho pekee kinachobeba mahali mtu alipo. Vingine hubeba mizunguko tu. Ukiivisha mizunguko hiyo kiunzi, yaani mifupa ya mhusika wa kompyuta, chenye miguu mifupi kuliko ya mchezaji, nyonga inasafiri umbali wa mtu mrefu huku hatua zikiwa fupi, na unyayo lazima uburutwe. Punguza mwendo wa nyonga kwa uwiano wa urefu wa miguu, kisha shikiza nyayo chini kwa IK (mbinu ya kuuongoza mguu mzima kutoka kwenye unyayo) kwenye fremu, yaani picha moja moja za mwendo, zinapokanyaga. Tafadhali usilainishe grafu za mwendo kabla ya hapo! Kile kishindo cha mguu ndicho ngoma yenyewe, ukikifuta unabaki na mtu anayeelea.

Halafu angalia mstari wa Frame Time ndani ya faili, yaani muda wa fremu moja kwa sekunde: 0.008333 ni fremu 120 kwa sekunde. Mradi wako ukiwa wa fremu 24 kwa sekunde, chagua kuoanisha kasi wakati wa kuingiza, la sivyo atacheza polepole mno.