Yesu Aliyepaa Hadai Bahasha

Juzi msomaji mmoja aliniandikia: "Dada, Krismasi naielewa, Pasaka naielewa. Hii Sikukuu ya Kupaa kwa Bwana inanihusu nini mimi, mume kaachishwa kazi na watoto wanarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada?" Nilishamjibu kwa simu, lakini najua wengi mna swali hilohilo moyoni.

Miaka ya nyuma mwanangu wa kwanza aliugua kwa muda mrefu. Hospitali tulikwenda na dawa alikuwa anapewa, ila mimi nilikuwa nimechoka, nahitaji mtu wa kusimama nami katika maombi. Nikaenda kwa mtumishi mmoja aliyekuwa akivuma mjini kwetu. Mlangoni alikaa kijana na daftari. Wenye bahasha ya "sadaka ya kufunguliwa" waliandikwa majina wakaingizwa ndani. Sisi wengine tukaonyeshwa mabenchi chini ya turubai, tusubiri maombi ya jumla. Mwanangu alilala mapajani mwangu, joto lake nalisikia kupitia khanga. Jioni mtumishi akatoka, akatupungia mkono, akapanda gari. Nimesamehe, ila roho bado inaniuma nikikumbuka wale akina mama tuliokaa nao pale.

Usiku ule nilisoma Waebrania 7:25: "maana yu hai sikuzote ili awaombee." Nilikuwa nimeusikia mstari huo tangu kipaimara. Usiku ule niliulilia.

Ndugu zangu, kila Jumapili tunakiri kwamba alipaa mbinguni, ameketi mkono wa kuume wa Mungu Baba, kisha tunaishi kama watu walioachwa yatima. Kuhani mkuu wa Israeli aliingia Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha hekalu, siku moja tu kwa mwaka, akiwa na damu ya mnyama. Waebrania 10 inasema makuhani wale walisimama kila siku wakitoa dhabihu zilezile. Yesu alitoa moja, akaketi. Ameketi kwa kuwa dhabihu imekamilika! Sasa bahasha yako inaongeza nini? Na aliyeketi pale ni mwenye mwili kama wetu, aliyeona njaa, aliyelia kaburini kwa Lazaro. Homa ya mtoto wako haihitaji kutafsiriwa kwake.

Mwanangu alipona baada ya matibabu ambayo sitawachosha nayo. Leo yuko kidato cha tatu na anaimba kwaya, namshukuru Mungu. Lakini hata kama asingepona, mwombezi wangu angekuwa palepale.

Kwa hiyo nakushauri, omba mwenyewe, kwa jina la Yesu, kwa maneno yako ya jikoni. Kuombewa na wengine ni vizuri, Yakobo anatuagiza tuwaite wazee wa kanisa, lakini hakutaja bei. Omba tena kesho. Wala usikae tu ukitazama juu. Yesu alipokwisha kupaa, wanafunzi waliulizwa, "Mbona mmesimama mkitazama mbinguni?" wakarudi Yerusalemu wenye furaha kuu, wakadumu katika kusali, watu wapata 120. Basi nenda kaongee na mwalimu mkuu, ada ilipwe kidogo kidogo. Waambie wanajumuiya wenzako mume anatafuta kazi. Aibu isikufunge mdomo, kazi nyingi hupatikana kwa kuambiwa na mtu.

Nanyi watumishi mnaopanga watu kwa bahasha, someni Waefeso 4. Alipopaa juu ndipo alipotoa mitume, manabii, wachungaji na walimu, ili watakatifu wakamilishwe. Ninyi mmetolewa bure kwa kanisa. Ondoeni hilo daftari mlangoni, na walio chini ya turubai waingie ndani pamoja na wengine.