Begi limechelewa na limevunjika: usianzie ICAO

Ndugu, unauliza kama uishtaki kampuni ya ndege kwa ICAO kwa sababu begi lako lilichelewa siku tisa na likafika magurudumu yamevunjika. Hapana. ICAO ni shirika la Umoja wa Mataifa linalowekea nchi viwango vya usafiri wa anga. Halisikilizi madai ya abiria. IATA nayo ni chama cha mashirika ya ndege yenyewe, kwa hiyo huko usipoteze muda.

Kinachokulinda ni Mkataba wa Montreal wa 1999, mradi nchi ulikoanzia na ulikokuwa unaenda zimeuridhia (tiketi ya kwenda na kurudi, mwisho wa safari ni pale ulipoanzia). Lidai shirika la ndege lenyewe, kwa maandishi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: uharibifu una siku 7 tangu ulipokabidhiwa begi, ucheleweshaji siku 21. Ukipitisha, dai limekufa, labda uthibitishe ulaghai wa shirika hilo. Fomu uliyojaza uwanjani usiitegemee peke yake; andika barua pepe inayotaja uharibifu na ucheleweshaji waziwazi, ambatisha kijikaratasi cha begi, picha na risiti za nguo na dawa ulizolazimika kununua.

Kikomo cha fidia, tangu tarehe 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519 kwa abiria, SDR ikiwa kipimo cha fedha cha IMF. Hicho ni kikomo tu, hulipwi zaidi ya hasara unayoweza kuithibitisha. Wakikukatalia, una miaka 2 ya kwenda mahakamani, ikihesabiwa tangu ndege ilipofika.