Alucard haendi vitani, anarudi kwao

Swali lenu la wiki hii, kuhusu mchezo wa video, lilikuwa hili: "Castlevania: Symphony of the Night ni mwepesi kuliko ndugu zake waliotangulia. Je, wepesi huo unaupunguzia heshima?" Nimelisoma mara mbili, nikaweka pedi chini, nikaanza kuandika.

Jibu langu ni hapana. Ila nianze na wale wanaosema ndiyo, kwa sababu ni watu ninaowaheshimu, na mmoja wao ni kaka yangu mkubwa.

Watu hawa tunawaita watu wa mjeledi. Walikua na Castlevania ya kwanza, ile ya mwaka 1986, ambayo ndani yake Simon Belmont anaingia kwenye kasri la Dracula akiwa na mjeledi na moyo mgumu, basi. Simon akisharuka, ameruka. Hana nafasi ya kubadili nia akiwa hewani. Akiguswa na adui anarushwa nyuma, na nyuma yake mara nyingi kuna shimo. Aliyeicheza hawezi kusahau ule ukumbi unaofika kwa Mauti, mtumishi wa Dracula: mashujaa wa chuma wanakurushia mashoka yanayokwenda na kurudi, na juu vichwa vya Medusa vinapita vikipanda na kushuka kama mawimbi. Unakufa pale hadi vidole vijifunze vyenyewe. Kisha ikaja ya tatu mwaka 1989, kali vilevile, na Rondo of Blood ya mwaka 1993 iliyotoka Japani kwenye mashine ya PC Engine, ambayo kwa wengi wao ndiyo kilele cha yote. Kwao kasri la Dracula ni mahali pa kuogopwa, na usipoogopa umedanganywa.

Sasa tuje kwenye Symphony of the Night yenyewe, iliyotoka mwaka 1997 kwenye PlayStation. Ni kweli ni nyepesi, na sitajaribu kulificha hilo. Huruma inaanza mapema mno: katika pambano la utangulizi, pale Richter Belmont anapokabiliana na Dracula, damu ikikuishia msichana aitwaye Maria anatokea na kukuponya. Baada ya hapo unamwongoza Alucard, naye anapanda ngazi za uwezo kila anapoua, anapata nguvu, ananunua dawa. Ukimpa ile fimbo iitwayo Shield Rod na ngao yake mwenyewe ya urithi, mabosi, yaani maadui wakubwa, wanayeyuka kama mshumaa. Ukipata upanga wa Crissaegrim, ambao unadondoshwa kwa nadra na adui aitwaye Schmoo mle ndani ya maktaba ya kasri la pili nitakalolieleza, unakata huku unatembea, bila hata kusimama. Mimi mwenyewe nimemmaliza Dracula kabla sijasikia vizuri muziki wake. Anayetaka jasho anaweza kuumaliza mchezo, kisha akaanza upya kwa kujiandikisha kwa jina RICHTER: hana ngazi za kupanda wala duka la kukimbilia. Hiyo ni zawadi kwa watu wa mjeledi na ninawashangaa wasioitumia.

Lakini tumtazame anayetembea. Simon, Trevor wa ile ya tatu, Richter, wote hawa ni wageni katika kasri lile. Wanavunja mlango, wanaua, wanaondoka. Mgeni ana haki ya kuogopa kila kona, na mchezo una haki ya kumtesa. Alucard ni mtoto wa nyumba. Baba yake ni Dracula, mama yake ni Lisa, binadamu wa kawaida. Hata jina lake ni la baba lililogeuzwa herufi nyuma mbele. Anayerudi kwao baada ya miaka mingi hajikwai kwenye kizingiti. Wepesi wa mwendo wake ni sehemu ya hadithi, na ndiyo maana naona kosa kuupima kwa kipimo cha Simon.

Angalieni ushahidi ulivyotapakaa. Akitaka kuhifadhi mchezo, Alucard anafunikwa na jeneza, naye analala humo kwa utulivu kabisa, kwa sababu jeneza ni kitanda chake. Maktabani yuko mzee mtunza vitabu, mtumishi wa Dracula, anayemtambua mara moja na kumwita bwana mdogo. Anasema hawezi kumsaidia mtu anayempinga mkuu wake. Alucard anamwahidi malipo, na mzee anafungua duka. Ukienda chumba cha chini yake ukaruka kwa nguvu ukagonga dari pale pale alipoweka kiti, mzee anarushwa juu na wewe unaokota vitu. Huo ni utundu wa mtoto aliyekulia mle. Na zile nguvu anazozirudisha moja baada ya nyingine, za kugeuka mbwa mwitu, popo na ukungu, ni zile zile ambazo Bram Stoker alimpa Dracula katika riwaya yake ya mwaka 1897. Mwana anatembea na urithi wa baba mwilini.

Mwanzo wa safari una tukio ambalo nalirudia hata nisipotaka kucheza mchezo wote. Alucard anatoka msituni mbio, daraja la kasri linainuka, anaruka na kuingia. Ana upanga, ngao, kofia na joho, vyote vya thamani. Adui yeyote anayemkuta anaanguka kwa pigo moja au mawili. Unajiona mfalme. Kisha Mauti mwenyewe anashuka, anazungumza naye kama mtu wa familia anavyozungumza na kijana aliyepotoka, anataka aache na arudi upande wao. Alucard anakataa. Mauti anamvua kila kitu na kutoweka. Chumba kinachofuata unarusha ngumi. Zile ngumi tupu, nguo zilezile maridadi, nywele zilezile za fedha zikipepea, na mkono hauna kitu! Hakuna maelezo ya maneno yangenionyesha vizuri zaidi kwamba huyu kakataliwa kwao.

Baadaye utakutana na upanga na ngao zinazoitwa Alucart, herufi ya mwisho ikiwa tofauti, vitu vya bandia visivyo na nguvu yoyote ya maana. Nilipoviona mara ya kwanza nilivivaa kwa furaha bila kusoma vizuri. Vya kweli viko mbali sana na pale.

Kinachonirudisha kila mwaka ni kutembea. Alucard anaacha nyuma yake vivuli vya rangi kama mwangwi wa mwili. Joho linachelewa nusu ya sekunde kila anapogeuka. Katika ukuta wa nje kuna darubini. Chungulia, utamwona mvusha watu akiwa na mtumbwi wake kule chini, na hupati chochote kwa kumwona. Kwenye kanisa kuna kibanda cha kuungama. Kaa upande mmoja, mzuka wa padri anakuja kukusikiliza. Siku nyingine anayekuja ni mwovu, na pazia likishafungwa unachomwa visu. Kaa upande wa padri, wanakuja mizuka kuungama kwako. Mchezo hauhitaji kibanda kile hata kidogo. Kuna mtu alikaa akakichora, akakipangia mambo yote hayo, akamwachia mchezaji akigundue au akipite.

Hapo niwataje watu wenyewe. Mkurugenzi alikuwa Toru Hagihara, na msaidizi wake Koji Igarashi, ambaye amesimulia kwamba walitazama mchezo wa The Legend of Zelda kwa sababu walitaka mchezo unaokaa na mtu muda mrefu badala ya kuisha haraka. Ayami Kojima, mchoraji aliyejifunza mwenyewe, ndiye aliyempa Alucard uso ule wa huzuni. Na Michiru Yamane aliandika muziki ambao sijapata mfano wake: gitaa la roki mnarani, kinanda cha kale maktabani, na katika ukumbi wa marumaru mdundo unaokufanya utembee kwa madaha hata kama unakwenda kuuawa. Kumbukeni pia kwamba kipindi hicho kila mtu alikuwa akikimbilia michezo ya pande tatu. Hawa wakabaki na picha bapa, wakazichora hadi zikapumua. Baadaye aina nzima ya michezo ikapewa jina la metroidvania, kwa kuunganisha majina ya michezo ya Metroid na Castlevania, na Igarashi alipoomba mchango wa mashabiki mwaka 2015 ili atengeneze mchezo wa Bloodstained, walichanga zaidi ya dola milioni 5.5. Watu hawachangi fedha namna hiyo kwa sababu ya mchezo ambao ulikuwa mwepesi tu.

Mwaka tuliouchezea, mimi na kaka yangu tulikuwa na pedi moja, zamu kwa zamu, anayekufa anampisha mwenzake. Kwa kuwa mchezo ni mwepesi, zamu zilikuwa ndefu, na yeye alinung'unika sana. Tulifika kwenye kiti cha enzi, tukamkuta Richter amegeuka kuwa bwana wa kasri, tukapigana naye, tukamuua. Maandishi ya mwisho yakapita. Kaka akasema, unaona, umekwisha, nilikwambia ni mfupi. Tukauweka kabatini.

Miezi ikapita. Siku moja rafiki yetu alituuliza kama tumevaa zile pete mbili, ya dhahabu na ya fedha. Tulikuwa nazo na hatukuwahi kuziwaza. Tukazivaa pamoja ndani ya chumba cha saa, sakafu ikafunguka. Chini yake alikuwa Maria, akatupa miwani. Tukarudi kwa Richter tukiwa tumevaa miwani ile, na kumbe juu yake kulikuwa na tufe likielea, likimfuata kila aendako. Siku zote lilikuwepo. Tulipiga tufe tukamwacha mtu. Richter akazinduka, na kutoka mbinguni likashuka kasri la pili, lilelile, kichwa chini miguu juu. Kaka yangu alisimama. Hakusema neno, alisimama tu karibu na kioo, akaangalia minara ikining'inia.

Fikirini: tungempenda vipi Richter yule kama tungekuwa tumemuua kwa shida kubwa? Ugumu ungetuhalalishia kifo chake, tungejipongeza na kulala. Kwa sababu alikufa kirahisi, ilitusuta baadaye.

Kasri lile la pili lina kasoro na sitazifumbia macho. Wimbo uleule, Finale Toccata, unarudiwa katika maeneo mengi hadi sikio linachoka, hasa baada ya neema ya kasri la kwanza ambako kila pembe ina sauti yake. Baadhi ya vyumba, vikishageuzwa, vinakulazimisha kuruka bila raha, na utaishia kugeuka popo na kupita juu kwa juu. Wapo mashabiki wanaoliita uvivu. Mimi naliona ni nusu ya mchezo ambayo haikupewa muda sawa na mwenzake, na bado nisingeitoa, maana humo ndimo vilimo vitu halisi alivyonyang'anywa na Mauti. Na ramani ikikamilika inasoma asilimia 200.6, na kila chumba unachokifikia kina uzito, kwa kuwa mwisho wa hadithi unategemea umetembea kiasi gani: ukitembea sehemu kubwa ya makasri yote mawili, Maria anaamua kumfuata Alucard. Ukienda haraka, Alucard anaondoka peke yake.

Kuhusu ugomvi wa sauti, ule wa wanaotaka uigizaji wa Kiingereza wa mwaka 1997 na wanaotaka uliorekodiwa upya mwaka 2007 kwa ajili ya mashine ya mkononi ya PSP, mimi niko na wa zamani. Wale waigizaji wanatamka kama watu wa jukwaani, na kasri lile ni jukwaa.

Kiswahili kina usemi kwamba mwana wa nyoka ni nyoka. Mchezo mzima unaugombania usemi huo. Chini, kwenye mapango, kuna chumba kinachofanana na vyumba vya kuhifadhia. Alucard analala ndani ya jeneza kama kawaida, na ndoto inaanza. Mama yake anauawa na watu, akidhaniwa mchawi. Mwanamke yule anaanza kumhimiza awachukie binadamu, na hapo Alucard anagutuka, kwa sababu mama yake hakusema hivyo hata siku moja. Ni jini lililovaa sura ya mama. Pambano lenyewe si gumu. Gumu ni kunyanyua upanga mbele ya uso ule.

Na mwishoni kabisa, Dracula akiwa ameanguka, anamuuliza mwanawe maneno ya mwisho ya Lisa. Alucard anamwambia: usiwachukie binadamu, na kama huwezi kuishi nao, basi usiwadhuru, maana maisha yao yana taabu ya kutosha. Na kwamba atampenda mumewe milele. Dracula anamwomba Lisa msamaha, anamuaga mwanawe.

Zamu ilikuwa yangu usiku ule. Nilitaka kubonyeza kitufe ili majina yapite haraka, kaka yangu akanishika mkono. Ule wimbo wa mwisho, laini, wa mapenzi, wengi wanasema haufanani na kasri la wanyonya damu. Sisi tuliusikiliza wote, hadi kioo kikawa cheusi.