Marashi Huhukumiwa Jioni: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata kwa kaka yako, nami nimeisoma na kuirudia. Umesema kwamba mwenye duka mmoja wa Nairobi yuko tayari kuuza marashi unayoyachanganya katika chumba chako huko Kisumu, kwa sharti kwamba yawe ya maua, magome na utomvu pekee, bila tone lolote lililotoka maabara. Nawe unauliza kama inafaa ulikubali sharti hilo au ulikatae. Nitajaribu kukujibu, ingawa tangu jana mawazo yangu yamekwama penginepo. Ningependa kwanza kujua bwana huyo aliyanusa marashi yako saa ngapi, na kama aliyanusa tena baadaye.

Unaujua msimamo wangu, maana umekua ukiusikia: marashi huhukumiwa jioni. Harufu za ndimu na machungwa ndizo hutangulia kutoka, na ndizo huruka upesi, mara nyingi kabla ya nusu saa kupita. Nyuma yake huja waridi na asumini, ambazo hudumu kwa saa kadhaa. Sandali, ubani na udi hubaki hadi kesho yake, na mtu huzikuta kwenye mtandio alioulalia. Mnunuzi anayenusa kijikaratasi kwa dakika mbili, akatikisa kichwa na kutoa masharti, amehukumu ndimu tu. Kazi yako hajaifikia.

Ndiyo maana sijaisahau harusi ile ya hapa mtaani Bondeni, ambayo bibi yako hakupenda isimuliwe alipokuwa hai. Unajua jinsi alivyofika Nakuru kutoka Mombasa na sufuria yake ya kupikia udi, na jinsi shira ilivyomkataa mwezi wa kwanza. Hapa tuko takriban mita 1,850 juu ya bahari, na maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 94 hivi, kwa hiyo vipimo alivyozoea pwani havikumfaa. Akaviacha, akawa anapima shira kwa kuivuta kati ya vidole viwili mpaka ifanye uzi. Vipande vya udi alivinunua vichache vichache, maana mti wenyewe hauna harufu hiyo ukiwa mzima. Hutoa utomvu wa thamani pale tu unapojeruhiwa na kuingiwa na kuvu. Alivipika kwa sukari, akatia sandali, zafarani, miski na marashi ya waridi, kisha akalifunga kopo na kutuzuia kulifungua kwa majuma. Hata zile nyumba ndogo za marashi za Ulaya unazozisifu hufanya hivyo hivyo: mchanganyiko hupumzishwa kwanza, ukitiwa spiriti hupumzishwa tena, ndipo hutiwa chupani.

Mke wa mfanyabiashara mmoja alimwagiza bibi yako udi wa harusi ya binti yake, nami, nikiwa bado msichana, nikatumwa kuupeleka. Alilifungua kopo mbele ya wageni wake, akaunusa udi ukiwa baridi, bila makaa wala chetezo, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima kwamba unanuka sukari iliyoungua. Akanirudishia, akaagiza udi mwingine uliokuja ndani ya kisanduku chenye nakshi za dhahabu. Nilipita sokoni na kopo lile nikihisi kwamba kila mtu amesikia. Hadi leo uso wa mama yule nauona, na nisingependa kusema kwamba nimemsamehe kabisa. Bibi yako alilipangusa kopo, akalirudisha kabatini, akaendelea na kazi zake.

Miezi ikapita, ikaja harusi nyingine, ya jirani, na udi uleule ukafukizwa baada ya magharibi. Mama yule alikuwapo. Baada ya muda nilimwona akiusogeza mtandio wake puani mara moja, kisha mara ya pili, halafu akauliza waliokaa karibu naye udi ule ni wa nani. Bibi yako alikuwa anapita na mrashi, akinyunyizia wageni marashi ya waridi. Hakumkumbusha neno. Alimtajia bei, nayo ilikuwa ileile ya mwanzo, bila kuongeza hata shilingi. Mimi ningeipandisha mara mbili! Furaha ya usiku ule bado ninayo, na nikikumbuka kopo lile sokoni, huiona kuwa haki yangu.

Sasa turudi kwenye maabara. Unadhani miski ya bibi yako ilitoka wapi? Miski ya asili hutoka kwenye tezi ya paa dume wa milima ya Asia, na hakuna mpika udi wa Bondeni aliyeweza kuimudu. Miski ya kutengenezwa imekuwapo tangu 1888. Kabla ya hapo, mwaka wa 1868, mkemia William Perkin alikuwa ametengeneza kumarini, yenye harufu ya nyasi kavu, huko Uingereza, na mwaka wa 1882 nyumba ya Houbigant ya Paris ikaitumia katika marashi yake ya Fougère Royale. Vanilini, ile harufu ya vanila, ilitengenezwa mwaka wa 1874. Chanel No. 5 ya mwaka wa 1921 ingekuwa nyingine kabisa bila aldehidi zake, viambato vya maabara vyenye harufu kali. Hata asumini unayoiita safi haivumilii mvuke, hivyo huloweshwa katika heksani, kiyeyushio kitokanacho na petroli, na baba yako, aliyezeekea katika pareto, atakuambia kwamba pareto nayo hukamuliwa kwa heksani. Ua lililopitia humo limekwisha kuonana na mkemia. Tena kuna msandali wetu wa Kenya, uliong'olewa na mizizi yake hadi serikali ikapiga marufuku uvunaji wake mwaka wa 2007. Sandali ya maabara haing'oi mti wowote.

Utafikiri nimekwisha kuamua, lakini nikifika hapa napingana na nafsi yangu. Mafuta ya waridi, ambayo kilo 1 huhitaji kilo 3,000 hadi 5,000 za petali, yana mamia ya viambato, na wako wanaochukua viwili vitatu tu vya maabara, wakaviita waridi, wakavitia kwenye sabuni. Kampuni kubwa humpa mchanganyaji kikomo cha bei ya kila kilo kabla hajafungua chupa hata moja, kisha watu wasiomjua hupiga kura kuamua harufu ipi iuzwe. Ndiyo sababu maduka mengi ya hapa mjini yana utamu uleule mmoja. Huenda sharti la bwana huyo lingekukinga na njia hiyo. Lakini lingekukinga vipi, ikiwa yeye ndiye anayeamua kitakachoingia chupani? Frédéric Malle alipoanzisha nyumba yake Paris mwaka wa 2000, aliandika majina ya wachanganyaji kwenye chupa na kuwaachia uamuzi wa kazi yao. Nyumba ndogo isiyo na uhuru huo sioni inaizidi nini kubwa. Na ukilikubali sharti, ulishike hadi tone la mwisho, maana sitavumilia kuona neno la uongo kwenye karatasi ya chupa yako.

Jibu ninalo, mwanangu, na kulizuia kunanipa taabu. Lakini chumba ni chako, na jina lililo kwenye chupa ni lako. Ukija Nakuru niletee chupa mbili, moja ya maua na utomvu pekee, nyingine kama unavyoitengeneza sasa, bila kuniambia ipi ni ipi. Nitajipaka moja kila mkono baada ya adhuhuri, tutakwenda kumwamkia shangazi yako, na nitakuambia ninachofikiri tukishaswali isha. Mwambie na mwenye duka afanye hivyo hivyo kabla hujatia sahihi, na akiona siku nzima ni ndefu mno kwake, niandikie alivyosema.

Mama yako,
Nakuru