Shangazi, mama alichoka kuombewa. Niseme hilo kanisani?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni binti wa mwisho, nina miaka 38, naishi Moshi. Mama yetu aliishi na saratani ya titi miaka 11. Alikuwa mtunza hazina wa jumuiya na mwanakwaya, wote wanamjua kwa imani yake. Mwezi ujao anatimiza mwaka. Tutakuwa na ibada ya kumbukumbu na kusimika msalaba, na mimi nimepewa neno la familia. Kaka ameniagiza niseme mama hakuwahi kulalamika. Lakini mimi ndiye niliyemuuguza. Saratani ilipofika kwenye mifupa, usiku mmoja nilimshika mkono ili niombe, akasema: "Leo usiniombee. Nisugue mgongo tu." Asubuhi aliniuliza kama shilingi 2,000 yake ya jumuiya imepelekwa. Kuna na jambo ambalo ndugu zangu hawalijui. Mwaka wa nne wa ugonjwa nilimpeleka kwenye maombi ya uponyaji, mhubiri akamwambia aache vidonge kama kweli anaamini. Aliacha miezi 4, hadi daktari wa kliniki alipomgombeza. Nahisi mimi ndiye niliyemuua. Nitasimamaje pale mbele?*

Marahaba, mwanangu. Pole sana kwa kuuguza, maana msiba una watu wengi wa kukupa pole, lakini kuuguza miaka 11 hakuna anayekuja na mkeka.

Nianze na huo mgongo. Saratani ikishaingia kwenye mifupa, mtu halali ubavu huu wala ule. Wewe ulikuja na maombi, naye maumivu yalikuwa mgongoni. Akakuambia anachohitaji. Mimi sioni hapo mtu aliyemwacha Mungu, naona mama aliyekuamini kiasi cha kutojifanya mbele yako. Wageni wote aliwaimbia, wewe ukapewa mgongo. Na kama kuna mzee wa kanisa atakayekunja uso, mwambie afungue Zaburi ya 88. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, haina hata mstari mmoja wa kujipa moyo mwishoni, na bado imo ndani ya Biblia tunayoibeba kila Jumapili.

Sasa hilo la "hakuwahi kulalamika". Namwelewa kaka yako, anamtetea mama. Lakini fikiria nani watakuwa wamekaa kwenye mabenchi yale. Nchini kwetu wanawake wengi bado wanafika hospitali uvimbe ukiwa umeshasambaa, na si wote ni kwa kukosa nauli. Wapo waliofundishwa kwamba mwanamke wa imani huvumilia kimya. Ukisimama ukawaambia mama alikaa miaka 11 bila kusema "inauma", yule mwenye kidonge kigumu kwenye titi, anayekificha chini ya kanga tangu Krismasi, atarudi nacho nyumbani akijua ndivyo wacha Mungu wanavyofanya. Wakati mama yako alisema! Asingesema asingetibiwa. Miaka ile mtu wa kaskazini aliyehitaji mionzi alishuka hadi Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road, akakaa kwa ndugu wiki kadhaa. (Nimewahi kumsindikiza mgonjwa pale. Upepo wa bahari mzuri kweli, na foleni unaijua.) Anayelala na ndugu chumba kimoja wiki zote hizo kwa ajili ya matibabu hajakaa kimya.

Vidonge ndilo fundo lenyewe, nami sitakudanganya. Vidonge vile vya homoni humezwa kila siku kwa miaka 5, wengine hadi 10, na kuviacha si jambo dogo. Yule mhubiri alikosea, tena vibaya, na ningependa siku moja akae kwenye kiti cha kliniki aone. Lakini saratani ya namna hiyo inaweza kutulia miaka mingi kisha ikarudi hata kwa mtu ambaye hakuruka kidonge kimoja. Hakuna daktari atakayeweza kuinyooshea kidole miezi 4 ile na kusema ndiyo iliyoirudisha. Ukitaka kusikia kwa mtaalamu, nenda kwa yule yule aliyemgombeza, anamkumbuka. Baada ya hapo mama alirudi kwenye dawa akaishi miaka 7.

Halafu kuna kitu kimoja kinaniudhi kidogo kwenye barua yako. Unamzungumzia kama mzigo uliopakiwa kwenye Noah ukashushwa uwanjani. Mwanamke aliyetunza fedha za jumuiya nzima, senti zikapatana, ndiye aliyeamua kuacha na ndiye aliyeamua kurudia. Ulimpeleka kwa sababu ulitaka apone. Alikwenda kwa sababu naye alitaka kupona. Hilo ni lenu wawili, usimnyang'anye sehemu yake.

Kwa hiyo madhabahuni usiliseme. Mwambie kaka yako, uso kwa uso, jioni kabla ya ibada mkiwa mnamenya ndizi au mnafanya lolote lenye kushughulisha mikono. Usimwandikie kwenye kundi la WhatsApp la familia, nakuomba. Atakasirika. Mwache akasirike. Naye pengine ana lake la mwaka ule ambalo hajawahi kukuambia.

Mbele ya watu simulia usiku wa mgongo, uumalizie na shilingi 2,000. Usieleze maana yake. Waache wacheke, maana watacheka, wengi wao walikuwa wakidaiwa naye. Ukiwa na daftari lake la sadaka, lishike mkononi hata kama hulisomi, litakusaidia usitetemeke. Dakika 5 zinatosha, wasije wakaanza kuchungulia sufuria.

Jambo jingine, na hili halihusu ibada. Una miaka 38 na mama yako alikuwa na saratani ya titi. Saratani nyingi za titi si za kurithi, lakini mtu ambaye mama yake aliugua hatari yake ni kubwa kuliko ya mwenzake. Nenda hospitali ya KCMC wiki hii, waeleze historia ya mama, wakupime na wakuambie urudi lini. Nenda na dada zako kama unao. Usiniambie unasubiri ibada ipite.

Ukimaliza, niandikie nijue kaka alisemaje. Na hujaniambia: ile 2,000 ilifika?

Shangazi