Cheni ya Pikipiki Haipimwi kwa Macho

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia usiku: "Kaka, leo asubuhi nimefunga cheni mpya, jioni imelegea mpaka inagonga. Ekseli ya tairi la nyuma nimeivuta hadi mwisho. Nimeuziwa cheni mbovu?" Nikamuuliza aliikataje. Akasema aliilaza ya zamani sakafuni, akailaza mpya ubavuni mwake, akakata pale zilipolingana.

Hakuuziwa cheni mbovu. Cheni ikitumika, pini na bushi zake, yaani vibomba vinavyovaa pini, hulika, na kila pingili huchukua nafasi kidogo zaidi. Cheni ya saizi 428 yenye pingili 116 ikiwa mpya ina urefu wa milimita 1,473 hivi. Ikirefuka kwa asilimia 2 tu, imeongezeka karibu milimita 29, na pingili mbili mpya zina milimita 25.4. Yaani aliongeza pingili mbili bila kujua, akaianza cheni mpya pale ile ya zamani ilipofia.

Nilimjibu saa ile ile kwa sababu mimi mwenyewe cheni imewahi kuniangusha. Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa inatumia cheni ya saizi 420. Nilipokwenda kununua spea sikujua namba hiyo, nikasema tu, "Naomba cheni ya pikipiki ndogo." Muuzaji akanipa 428, akaniambia, "Hii ni nene kuliko yako, utasahau habari za cheni." Ikaingia, na hapo ndipo nilipodanganyika. Umbali kutoka pini hadi pini ni ule ule kwa zote mbili, milimita 12.7, kwa hiyo 428 hukubali kukaa juu ya sproketi za 420, yale magurudumu ya meno yanayobeba cheni. Lakini rola zake, vile vigurudumu vinavyoingia kati ya meno, ni nene zaidi: milimita 8.51 dhidi ya 7.77. Hazifiki chini kabisa katikati ya meno. Tena cheni yenyewe ni pana, inacheza kushoto na kulia.

Nikaendesha majuma kadhaa na ule mlio wa kusaga, nikijipa moyo kwamba ni upya wake. Siku moja nashuka mteremko, cheni ikaruka kwenye meno, ikajikunja mbele karibu na injini, tairi la nyuma likajifunga. Niliburuzika na mkono wangu wa kulia ukafungwa bandeji muda mrefu. Kava la injini lilipasuka. Niliporudi dukani, yule muuzaji alisema mbele ya wateja wengine kwamba sijui kufunga cheni. Yale maneno bado yananiuma kuliko mkono.

Tangu siku hiyo sijanunua cheni bila kusoma namba, na sijapata tena cheni iliyonisumbua. Nalisema hili kwa fahari, maana nimelilipia.

Namba zenyewe si siri. Tarakimu ya kwanza inahesabu sehemu za nane za inchi kutoka pini hadi pini: 4 ni milimita 12.7, na 5 ni milimita 15.875, kwa hiyo cheni ya 520 haiwezi kabisa kukaa kwenye sproketi ya 428. Tarakimu mbili za mwisho zinahusu upana wa ndani. 420 na 520 zina milimita 6.35, 428 na 525 zina 7.94 hivi, 530 ina 9.5 hivi. Herufi H baada ya namba ina maana kwamba bamba za pembeni ni nene zaidi. Namba huwa imegongwa kwenye bamba la cheni, na mara nyingi kwenye sproketi pia. Chukua kitambaa, futa grisi, soma. Ndugu zangu, ni kazi ya dakika mbili! Usimwachie mtu mwingine akukisie.

Ukishajua namba, hesabu pingili. Kila nafasi kati ya pini na pini ni pingili moja, za ndani na za nje, pamoja na ile ya klipu inayounganisha ncha mbili za cheni. Wengi huhesabu za nje peke yake, wakapata nusu. Jumla huwa shufwa, kwa kuwa ya ndani na ya nje lazima zipokezane. Kisha linganisha na kitabu cha pikipiki, maana huenda aliyekuwa nayo kabla yako naye alikata kwa macho. Kama umebadilisha sproketi, kila meno mawili yaliyoongezeka yanadai karibu pingili moja: ukitoka meno 38 nyuma ukaenda 42, ongeza pingili mbili.

Yule kijana nilimwambia atoe mbili, moja ya ndani na moja ya nje, asijaribu kutoa moja. Juzi kanitumia picha. Ekseli imesogea mbele, na imebaki nafasi ya kutosha ya kukaza huko mbeleni. Ila klipu alikuwa ameigeuza: upande ulio wazi ulikuwa umetangulia kwenye mwendo wa cheni, wakati unaotakiwa kutangulia ni ule uliofungwa. Nikamwandikia aigeuze kabla hajawasha injini.